Watu Waliocheka Chumbani kwa Kaka

Wajukuu zangu wananijua kwa kitu kimoja: Bibi hataki kicheko cha kwenye simu. Waangalie watakacho, katuni, mpira, watu wanaopika, mie sina neno. Lakini wakifungua vile vipindi vya zamani vya Kimarekani, vya watu waliokaa sebuleni wanatupiana maneno, na kila mmoja akisema kitu kinafuata kicheko cha watu usiowaona, basi hapo nnapiga ukelele mpaka majirani wa Mabela, mtaa wetu huku Oman, wanasikia. "Zima! Zima nakwambia, au nakuja kuitumbukiza ndani ya ndoo!" Juzi yule mdogo kamwambia mamake, "Bibi hapendi watu wakifurahi." Mamake akamkemea. Nikamwambia mwache, mtoto kasema anavyoona.

Sijawahi kumweleza mtu sababu. Lakini Baba kafariki mwaka huu, Mungu amrehemu, na nyumba yake ya Wattaya tumeifunga, na tangu hapo vicheko vile vinanijia hata simu zikiwa zimezimwa. Nimeona bora niyaseme kwa watu wa umri wangu, waliowahi kukaa chini kuizunguka redio kaseti wakasubiri mtu aseme kutoka mbali. Vijana hawatanielewa. Wao wakimtaka ndugu yao aliyeko nje wanabonyeza tu, huyo, sura na meno.

Nyumba ile ya Wattaya leo imebanwa na maduka ya magari, vioo vitupu kushoto na kulia. Sie tulipohamia palikuwa na jabali, vumbi, na mbuzi wa watu waliokuwa wakiingia mpaka jikoni. Tulikuwa tumetoka Unguja kuja Oman na masanduku ya bati na Kiswahili chetu. Mie nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno. Siku zile serikali ilikuwa inawatafuta kwa tochi watu waliosoma, kwa hivyo Baba hakukaa, akapata kazi ya ofisini, na haukupita muda kaka yangu Khalfan, mtoto wao wa kwanza, akapata nafasi ya kwenda kusoma uhandisi Marekani. Kati yangu na yeye Mama alizika watoto wengine, kwa hivyo tulikuwa wawili tu. Uwanja wa ndege Baba alimshika bega akamwambia, "Nenda uhandisi, rudi uhandisi. Hayo ya katikati sitaki kuyasikia."

Masikini Kaka, hakuwa na la kusema ila hayo ya katikati.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Barua zilikuwa za watu wa ofisi. Sie tuliotawanyika, huyu Dar, huyu Dubai, huyu Uingereza, tulikuwa tunatumiana sauti. Mtu anakaa peke yake na kaseti anazungumza upande mzima, anakohoa, anaulizia wagonjwa, jogoo anawika nyuma yake, na vyote hivyo vinafika. Kaseti za Kaka zilikuja kwenye sanduku la posta la ofisini kwa Baba, na ufunguo wa sanduku hilo ulikuwa mfukoni mwa Baba pamoja na funguo zake nyingine. Akija nayo siku ya Jumapili, haifunguliwi mpaka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Tuiangalie tu pale juu ya kabati wiki nzima. Bahasha ilikuwa inanukia mnanaa, kwa sababu Kaka hakuacha kunitilia ubani wa kutafuna, na Mama alikuwa akiinusa kwanza yeye, kwa muda mrefu, ndipo anipe.

Ijumaa ikifika Baba anakaa kwenye kiti chake, Mama na mie kwenye mkeka, Mama ananisuka, halwa na kahawa katikati. Tukimaliza kusikiliza ndipo tunajibu, na kujibu kulikuwa na taratibu yake. Baba anabonyeza kitufe chekundu na kuanza yeye. Upande wa kwanza wote wake: nasaha, dini, bei ya saruji, fulani kapandishwa cheo. Kama kuna mgeni mwanamme, naye ana zamu yake upande wa pili. Halafu ndiyo Mama, kwa utepe uliobakia. Na utepe hauna adabu, haujui kama huyu ndiye aliyezaa. "Khalfan, mwanangu," Mama anaanza, kwanza salamu, kwanza dua, halafu anavuta pumzi, "sasa mie nnachotaka kukwambia..." Tak! Kaseti imekwisha. Baba anaitoa, anaitia kwenye bahasha. Sikumbuki hata mara moja Mama kufika mwisho wa alilotaka kusema.

Mwanzoni kaseti za Kaka zilikuwa raha tupu. Alikuwa na sauti ya mtu anayekimbia huku anazungumza. Huko Marekani, kwa maelezo yake, kila kitu kilikuwa kinabadilika mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anatuletea habari kana kwamba katumwa. "Zuwe," alikuwa akiniita hivyo, Zuwena lilikuwa refu kwake, "huku sasa mpira wa kikapu hawachezi kwa kukimbia, wanacheza kwa kupaa. Kuna majamaa wana nywele kubwa za duara kama tunguu, wanaruka wanautumbukiza mpira kwa mkono halafu wananing'inia kwenye pete!" Mie nikatoka nikaenda kuning'inia kwenye kamba ya nguo mpaka ikakatika. Alitusimulia bondia Mwislamu, na hapo hata Baba alisogeza kiti. Alitusimulia mwanamke aliyemshinda mwanamme mchezo wa tenisi mbele ya watu wa dunia nzima, na Mama aliyekuwa na kichwa changu mkononi akacheka peke yake, akaniumiza kwa kitana. Alitusimulia sinema ya papa iliyowafanya Wamarekani waogope kutia hata mguu baharini, na watu kupanga foleni inayozunguka mtaa mzima kwa ajili ya kwenda kutishwa. "Wanalipa ili waogope?" Mama aliiuliza redio kaseti, kana kwamba itamjibu.

Na upande wa pili ulikuwa muziki. Hapo Baba anainuka kwenda zake msikitini, na sie tunabakia. Kwanza zilikuwa nyimbo za wanaume wanaolia na wanawake wanaowaitikia, nyimbo zinazokwenda polepole. Kadiri muda ulivyopita ngoma zikawa za mbio, dumu dumu dumu kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Sasa ni disko tu," Kaka alisema. "Hata wale waliokuwa wakiimba mambo ya maana wamevaa nguo za kumeremeta. Watu wamechoka na vita, wamechoka na siasa, wanataka kucheza." Alituletea na picha, yuko ndani ya bugaluu, suruali pana miguuni, na raizoni, viatu vya soli nene, kichwa chake chenyewe kimekuwa tunguu. Baba aliitazama picha ile akaigeuza, akaona nyuma hakuna kitu, akairudisha. Mie kwa akili yangu ya utoto nilijua jambo moja: ngoma zikiwa za furaha, Kaka ana furaha. Zilivyozidi mbio ndivyo nilivyozidi kutulia.

Halafu vikaja vicheko.

Sijui kaseti ipi ilianza. Nakumbuka tu Kaka alikuwa anazungumza habari za mtihani, mara nyuma yake watu wakaangua kicheko, wengi, wanaume kwa wanawake. Baba akainua kichwa. Kaka hata hakunyamaza, akaendelea na mtihani wake. Baada ya kidogo, tena. Mama uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu hayuko peke yake. Kumbe nyumba yake ina watu." Unguja nyumba isiyo na watu ni nyumba ya kuogopwa, na jambo lililomkosesha Mama usingizi halikuwa baridi wala chakula. Alikuwa akiogopa kwamba mtoto wake anakula peke yake. Basi vicheko vile vilimponya. Akiviwekea mpaka chakula akilini: "Watu wote wale, sijui anawapikia nini."

Mie nilianza kuwapa majina. Kulikuwa na mzee mwenye kicheko kizito, nikamwita Bwana Pipa. Na kulikuwa na mwanamke mmoja, huyo simsahau mpaka naingia kaburini, kicheko chake kinaanza kwa kukwama kama mtu aliyepaliwa na maji, halafu kinapanda juu, juu, kinabaki huko peke yake wenziwe wakiwa wameshanyamaza. Nikamwita Bi Kwikwi. Kila kaseti nilikuwa namsubiri. Akifika napiga makofi, "Kaja! Bi Kwikwi kaja!"

Baba hakupiga makofi. Baba alikuwa anawahesabu wageni wale kwa njia nyingine. "Wanawake," alisema siku moja, neno hilo hilo moja, akanywa kahawa yake.

Ikaja ile miaka Wamarekani waliyopandwa na hasira kwa ajili ya mafuta. Kaka alitusimulia magari yaliyopanga foleni kwenye vituo, na watu wanaopigana kwa ajili ya dumu. Kisha akasema, kwa sauti ya kupitia tu, kwamba mwanafunzi mwenziwe kamwambia akanywe petroli ya babake, na kwamba wale aliokuwa akicheza nao mpira wa kikapu siku hizi hawamgongei mlango. "Nikiwaambia mie wa Unguja hawaipati kwenye ramani. Nikiwaambia Oman wanasema, aa, Mwarabu." Baba alifurahi habari zile. "Waache wapange foleni," akasema, "wajue." Hakuna aliyeuliza Kaka yeye anakula na nani sasa. Kwa nini tuulize? Wageni si tulikuwa tunawasikia?

Vipindi vya televisheni pia alikuwa akitusimulia, na nakumbuka jambo moja kwa sababu ya vile Baba alivyolipokea. "Zamani," Kaka alisema, "baba wa kwenye televisheni ya huku alikuwa mtu wa heshima, anarudi na mkoba, watoto wanamsikiliza. Sasa mambo yamegeuka. Baba anapiga kelele kwenye kiti chake, wanawe wanambishia, na watu wanacheka." Baba akauliza, "Wanamcheka nani? Wanamcheka baba?" Akatikisa kichwa mara nyingi. Sie hatukuwa na televisheni. Baba alisema televisheni itaingia nyumbani siku Khalfan atakayoingia na cheti chake, si kabla.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa zote, Mama kafika nusu ya kichwa changu. Kaka alianza kwa salamu, lakini ile sauti ya kukimbia haikuwapo. Alizungumza chini chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Baba," alisema, "nakuomba. Nnataka kurudi. Sisemi niache masomo, nitayamalizia kokote, hata Misri, hata Khartoum. Lakini huku mie nimeishiwa. Inapita Ijumaa mpaka Jumatatu sijasema neno na mtu. Baba, mie sina mtu hapa."

Na hapo hapo, wallahi, hapo hapo, watu wakacheka. Wakacheka kwa nguvu kuliko siku zote, na Bi Kwikwi akapaliwa, akapanda juu, akabaki huko.

Mikono ya Mama ilisimama kichwani kwangu. Baba akainama akaizima redio kaseti. "Umesikia?" alimwuliza Mama. "Hana mtu. Hao nani, majini?"

"Baba Khalfan, sauti yake lakini," Mama alisema. "Sauti yake haiko sawa."

"Sauti ya mlevi huwaje?"

Alijibu siku ile ile, na upande ule hakuumaliza, kwa mara ya kwanza. "Khalfan. Vicheko vya wahuni wenzako tunavisikia mpaka huku. Unaniambia huna mtu, nao wanakucheka mgongoni, au wananicheka mie? Ukichoka kucheka, soma. Usiingie mlangoni kwangu bila cheti, na usinitumie tena uwongo." Akaitoa kaseti. Utepe ulikuwa umebakia tele. Mama alinyoosha mkono kuuomba, na Baba akawa ameshaitia ndani ya bahasha.

Jawabu lilichelewa sana. Lilipokuja lilikuwa fupi, na halikuwa na muziki upande wa pili, wala ubani ndani ya bahasha. "Baba," Kaka alisema, "naapa, hapana mtu chumbani kwangu. Ile ni televisheni. Huku vipindi vya kuchekesha vinakuja na vicheko vyake ndani, ili aliye peke yake aone kama yuko na wenziwe. Mie naiwasha nikiingia tu, maana chumba kikiwa kimya siwezi kukaa. Sasa hivi naizima. Sikiliza." Tukasikia tak, halafu kimya, kimya mpaka nikasikia pumzi zake. "Sasa naiwasha." Tak. Watu wakacheka.

Mama aliniachia kichwa akasimama. "Si unasikia? Si kaizima?"

Na Baba, mtu aliyesoma, mtu wa ofisi, aliyekuwa akiandika Kiingereza kwa mkono mzuri, alicheka kwa puani. "Kawaambia wanyamaze, wakanyamaza. Kawaambia wacheke, wakacheka. Mpaka mchezo kaupanga. Tangu lini sanduku likacheka? Redio ya Unguja tumeisikiliza miaka yote, iliwahi kujicheka yenyewe?" Na kweli haikuwahi. Nasi sote tulikuwa hatujaiona televisheni inayocheka. Lakini Mama alimwamini mwanawe bila kuiona, na Baba hakutaka, hiyo ndiyo tofauti, na sitaki mtu aje kunipoza hapo.

Hakujibu. Kaseti ile akairikodia mawaidha ya Ramadhani juu yake, kama tulivyokuwa tukifanya kaseti zote, hakuna aliyekuwa akitupa kaseti nzima. Sauti ya Kaka, kile kimya na zile pumzi, zikafutika kwa sauti ya shekhe anayehimiza watu waunge udugu. Mama aliisikiliza kaseti ile yote, labda akitumai kimebaki kipande mwishoni. Hakikubaki.

Kaka naye hakuleta nyingine. Kiburi alikirithi kwa babake. Ikawa Ijumaa tunakula halwa tu.

Televisheni ikaja hata hivyo, bila cheti na bila Khalfan. Jirani wote walikuwa nazo, na wakubwa wa Baba kazini walikuwa wakizungumza habari ya mambo waliyoyaona yeye hayajui. Ikawekwa sebuleni mbele ya kiti chake, na kitambaa cha kufuma juu. Jioni moja baada ya Maghribi tulikuwa tumekaa, Baba kitini, Mama anachambua mchele kwenye ungo, kikaanza kipindi cha Kimarekani chenye maandishi ya Kiarabu chini. Sebule, kochi, ngazi ya kupandia juu. Bwana mmoja mnene yuko kwenye kiti chake anapiga kelele, kijana wake kasimama mbele yake. Kijana akasema neno moja tu.

Watu wakacheka.

Niliruka. Nilikwenda nyuma ya televisheni nikachungulia, nikarudi mbele. Hapakuwa na wageni pale sebuleni kwa yule bwana, walikuwa wao wawili tu, na kicheko kinatoka ukutani. Halafu ndani ya kicheko kile mtu akapaliwa, akapanda juu, akabaki peke yake. "Bi Kwikwi!" nilipiga kelele. "Mama, Bi Kwikwi huyu! Wageni wa Kaka!" Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, kama mtu aliyekutana na jamaa zake. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Kaka kasema kweli, Baba kasikia kwa masikio yake, basi Kaka anarudi. Kwa mtoto hesabu ile ilikuwa haina ugumu wowote.

Mchele ulikuwa umemwagika wote kwenye mkeka. "Baba Khalfan," Mama alisema, taratibu kabisa. "Si ndio hao?"

Baba hakumtazama. Yule bwana wa kwenye televisheni akapiga mkono wa kiti chake, watu wakacheka tena. Baba akainuka, akenda, akakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Ikawa midomo tu inakwenda. "Kelele," alisema. Akarudi kukaa, akakitazama kipindi kile kimya mpaka kikamalizika.

Mama alinunua kaseti mpya sokoni Matrah, ingali ndani ya nailoni yake. Ijumaa alimwekea Baba kwenye meza, na redio kaseti pembeni, kitufe chekundu kikimwelekea. "Mwite mtoto," alimwambia. "Neno moja tu. Mwambie, rudi. Hakutudanganya."

"Akitaka kurudi njia anaijua."

"Njia umeifunga wewe kwa mdomo wako. Ifungue kwa mdomo wako."

Sijawahi kumsikia Mama akisema vile kabla, wala baada yake. Nilimwona anaitazama kaseti, na nikaona mkono wake umesogea juu ya meza, nasema haya kwa sababu niliuona. Halafu akasema, "Mie ni babake. Siwezi kumwomba radhi mtoto niliyemzaa." Akachukua kofia yake akaenda kusali Alasiri.

Mtanambia, Mama si angerikodi mwenyewe? Angempa nani? Anuani ilikuwa ya Kiingereza, kwenye mtoto wa meza ya Baba. Ufunguo wa posta mfukoni kwa Baba. Mama alikuwa anasoma msahafu na kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na hapo ndipo ulimwengu ulipomwekea ukuta. Kaseti ile ilikaa juu ya meza na nailoni yake. Ilikuwa ikifutwa vumbi pamoja na meza.

Nilikuwa mkubwa simu ilipoingia nyumbani. Kaka alimaliza masomo yake, akapata kazi huko huko, akabaki. Akipiga siku za Idi. Mama akizungumza naye analia tu, hata hapo hakuyafikisha mwisho yale yake. Akimpa Baba mkono wa simu, Baba anasema, "Hujambo? Alhamdulillahi. Haya, nakupa mamako." Mama alipofariki, kwetu maiti hailazwi, tulimzika kabla Kaka hajapata hata tiketi. Hakuja baadaye pia. Alinambia, "Nije kwa nani, Zuwe? Sijaitwa."

Wenzangu tukikutana kwenye harusi wanapenda kukumbuka miaka ile. Bugaluu, disko, yule bondia, sinema za kupigana, jinsi Marekani ilivyoingia majumbani mwetu tukaicheza na kuivaa. Wanacheka mpaka wanapangusa machozi. Mie hunywa kahawa yangu. Kwangu mie Marekani ile ilikuwa chumba kimoja, na mtu ndani yake, na watu wanaomcheka.

Baba aliishi sana, akapita tisini. Hospitali alipolazwa, televisheni ilikuwa juu ukutani, na kila nesi aliyeingia akaongeza sauti, Baba alinyoosha kidole iteremshwe. Walidhani anaumwa kichwa. Akiangalia picha tu. Mie nilikaa pale siku baada ya siku, na nakiri nilikuwa nimekwenda kumuuguza na pia kumvizia. Nilitaka neno moja. Nilimtajia jina la Kaka makusudi, nikamwambia Khalfan kakusalimia. Aliniuliza kama tangi la maji la Wattaya limejazwa. Nikamwambia limejazwa. Hilo ndilo lililokuwa la mwisho.

Tulipotoka makaburini, nyumba ikiwa imejaa watu, niliingia chumbani kwangu nikampigia Kaka. Alipokea upesi. Sauti yake sasa ni ya mzee, nzito, Kiswahili chake ni kile kile cha siku alipoondoka, maneno ambayo hata Unguja hawayasemi tena. Nilipomwambia, alisoma inna lillahi. Na nyuma yake nikawasikia. Mwanzoni kwa mbali. Vipindi vile vile vya zamani, wanavirudia kila siku huko.

"Ngoja niipunguze," alisema.

"Iache, Kaka."

Akaiacha. Nikamsikia anavuta pumzi, pumzi zile zile zilizofutwa kwenye kaseti. "Zuwe," akasema. "Alisema kitu? Kuhusu mie. Mwishoni."

Ningeweza kumdanganya. Nani angejua? Ningesema, alikuita, alitaka uje, na mzee wa watu angelala na neno hilo. Lilikuwa limenifika ulimini. Lakini huyu ni mtu aliyeitwa mwongo kwa kusema kweli, na uwongo kutoka nyumba ile ile nilishindwa kumpa.

"Hapana, Kaka. Hakusema kitu."

Watu wakacheka. Wakacheka kicheko kirefu, cha wanaume kwa wanawake, na sisi wawili tukashika simu zetu, tukawasubiri wamalize.